Blanketi Lirefushwe, Mwanafunzi Alale

Upo usemi tunaowarithisha watoto wetu kizazi baada ya kizazi, kwamba mtu na anyoshe mguu kwa kadiri ya shuka lake. Ni usemi wenye hekima, na makusudio yake ni kutukanya tusitumie tusichokuwa nacho. Lakini katika mabweni ya shule zetu nyingi maneno hayo yameacha kuwa fumbo. Yamekuwa amri ya kila usiku: mwanafunzi hukunja magoti hadi kifuani kwa sababu blanketi halimfikii. Nami nasema bila kupepesa macho kwamba kijana anayekua hawezi kuamrishwa apunguze urefu wa miguu yake. Kinachoweza kuongezwa ni blanketi.

Huenda msomaji aliye pwani akaniona nakuza jambo dogo. Yafaa basi aelewe ninazungumzia mahali gani. Kola iko kusini mwa mji wa Machakos, katika eneo la vilima vya Kalama. Mji wenyewe wa Machakos uko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Walimu wa jiografia hutufunza kwamba joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Kwa hesabu hiyo, nyanda hizi huwa na baridi kuishinda Mombasa kwa nyuzi zipatazo 10. Kuanzia Juni hadi Agosti, pepo za kusini-mashariki huleta mawingu mazito yanayolifunika jua mchana kutwa, na usiku baridi hupenya kila upenyo. Muhula wa pili wa masomo huangukia papo hapo, pamoja na mitihani ya majaribio ya watahiniwa wa kidato cha nne. Kwa maneno mengine, wakati tunapomtaka mwanafunzi awe na akili iliyotulia kabisa ndio wakati ambapo usingizi wake huwa haba kabisa.

Katika miaka yangu ya kufundisha nimeshika zamu nyingi za usiku, nikapita baina ya vitanda taa zikiwa zimekwisha kuzimwa. Nimezoea kukuta wanafunzi waliovaa soksi za mchana, zingali na unyevu wa umande wa uwanjani. Wengine wamevika miguu mikono ya sweta. Wengine wamelala wawili katika kitanda cha mmoja, jambo ambalo kanuni za shule hulikataza. Mwalimu asiyetafakari huandika majina yao kwa ajili ya adhabu ya asubuhi. Mwalimu anayetafakari hujiuliza: ni nini kinachowafukuza vitandani mwao?

Tufanye hesabu. Shuleni taa zikizimwa saa nne usiku na kengele ikalia saa kumi na nusu alfajiri, mwanafunzi amebakiwa na saa sita na nusu. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Kwa hiyo mtoto wetu huingia kitandani akiwa tayari ana deni. Akipoteza nusu saa nyingine akisugua nyayo ili zipate moto, deni hilo huongezeka. Kisha tunamkuta darasani akisinzia juu ya kitabu, tunamwita mvivu.

Hapana shaka wapo watakaosema kwamba miguu haihusiani na usingizi. Sayansi haikubaliani nao. Mwili wa binadamu, ambao joto lake la ndani ni karibu nyuzi 37, huhitaji kupoa kidogo ndipo usingizi uingie. Joto hilo hutolewa nje hasa kupitia viganja na nyayo, ambako mishipa midogo ya damu huweza kufunguka na kufungika mithili ya madirisha. Nyayo zikiwa na uvuguvugu, madirisha hufunguka, damu hutiririka hadi vidoleni, na mwili hupumua joto lake taratibu. Nyayo zikiwa baridi, mishipa hujifunga ili kulinda joto la moyo na mapafu, na usingizi hubaki mlangoni ukingoja. Mwaka 1999, Kurt Kräuchi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walichapisha utafiti wao katika jarida la Nature. Miongoni mwa vipimo vya mwili walivyovichunguza, joto linalotoka kupitia mikono na miguu ndilo lililobashiri vyema zaidi jinsi mtu atakavyosinzia upesi. Ajabu ya mambo ni hii: ili mwili upoe na kulala, sharti miguu ipate joto.

Sasa tulitazame blanketi lenyewe. Orodha ya vifaa anayopewa mzazi mtoto anapojiunga na shule ya upili aghalabu hutaja idadi: mablanketi mawili, mashuka jozi mbili, foronya. Haitaji urefu. Chukua godoro la futi 6, yaani karibu sentimita 183. Kutoka mabegani mwa aliyelala hadi mwisho wa godoro ni kama sentimita 150. Ongeza 20 za kupanda juu ya vidole vya miguu, 10 za kushuka unene wa godoro, na 40 za kupenyezwa chini yake ili blanketi lisichomoke. Jumla ni sentimita 220. Blanketi la sentimita 200 limepungukiwa na 20, na upungufu huo hauonekani kichwani, huonekana miguuni. Mwanafunzi akigeuka mara moja tu, blanketi hutoka chini ya godoro na nyayo hubaki nje. Kumwongezea blanketi la pili lenye urefu uleule ni kuongeza joto kifuani huku miguu ikiachwa palepale.

Kuna hoja ninayoisikia mara kwa mara kutoka kwa wazee wetu, nami naiheshimu. Husema: sisi tulilala juu ya ngozi, wala hatukufa, baridi huwakomaza vijana. Ni kweli walilala juu ya ngozi. Lakini walilala katika nyumba ya nyasi yenye moto wa mafiga matatu, watoto kadhaa pamoja, makaa yakiendelea kufuka hadi alfajiri. Bweni la leo lina sakafu ya saruji, paa la mabati na kitanda cha vyuma kinachopitisha ubaridi kutoka chini. Tumewaondolea watoto moto wa zamani, ilhali hatujawapa kitu cha kuushika mahali pake. Uvumilivu ni tunu, lakini kutetemeka hakufunzi hesabu wala fasihi.

Mataifa mengine yamelifikiria jambo hili la miguu kwa makini. Wajapani wana kotatsu, meza fupi iliyofunikwa mfarishi, chini yake pakiwa na joto, na jamaa nzima hupenyeza miguu humo nyakati za baridi. Waingereza wa zamani walipitisha kitandani chombo cha shaba kilichojaa makaa kabla ya kulala, na baadaye wakazoea mpira wa maji moto. Sisi hatuwezi kufuata njia hizo mabwenini, na sababu yake watu wa Machakos wanaijua kwa uchungu. Usiku wa kuamkia Machi 26, 2001, bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, papa hapa Machakos, liliteketezwa kwa makusudi, wanafunzi 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaotaka madirisha yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, na vitanda vitenganishwe kwa angalau mita 1.2. Kwa hiyo jiko la makaa, mshumaa na waya wa umeme wa kuunganishwa kiholela havina nafasi kando ya kitanda cha mwanafunzi. Jiko, hata lisipowasha moto, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Joto la bweni sharti litokane na miili ya wanafunzi wenyewe, na kazi ya matandiko ni kulihifadhi joto hilo lisitoroke.

Dawa ninayoipendekeza ni nyepesi: mfuko wa miguu. Chukua kitambaa kizito chenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 80. Kikunje katikati, kishone pande mbili, uache upande wa tatu wazi. Utapata mfuko wenye kina cha sentimita 60, unaofunika nyayo, vifundo na miundi hadi karibu na magoti. Mwanafunzi hutia miguu yote miwili humo, kisha hujifunika blanketi lake kama kawaida. Hata blanketi likichomoka, mfuko humfuata. Blanketi kuukuu la sentimita 150 kwa 200, lililokwisha kuchakaa ukingoni, hutoa mifuko miwili. Sweta nzito za mitumba nazo hufaa, kwani nyuzi za sufi hunasa hewa, na hewa iliyotulia ndiyo izuiayo joto kupotea.

Masharti ni matatu. Kwanza, mfuko usitiwe zipu wala kamba, bali uwe mpana na wazi, ili kengele ya hatari ikilia mwanafunzi achomoe miguu mara moja na kukimbia. Pili, miguu ioshwe na kukaushwa kabla ya kulala, kwa maana maji hunyonya joto la mwili kwa kasi iipitayo hewa mara 25 hivi. Soksi yenye unyevu ni adui aliyevaa nguo za rafiki. Tatu, kila mfuko uwe na nambari ya mwenyewe, ufuliwe na kuanikwa juani, wala usiazimwe, tusije tukaeneza upele badala ya joto.

Najua swali litakalofuata: nani atagharamia? Nitajibu kwa neno ambalo kila mtu wa Kola analielewa: mwethya. Vilima hivi vimekatwa matuta ya fanya juu yaliyozuia udongo usichukuliwe na mvua. Wingi wa matuta hayo ulichimbwa na vikundi vya majirani, wengi wao akina mama, kwa majembe ya mkono. Watu waliouzuia mlima usiporomoke hawawezi kushindwa kushona mifuko ya miguu. Mzazi alete kitambaa, wanafunzi wa sayansi kimu washone kwa mikono yao, na mwalimu wa somo hilo apate kazi ya vitendo yenye manufaa ya kweli. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa walimu wakuu na bodi za usimamizi, ombi langu ni mstari mmoja tu katika orodha ya mwaka ujao: urefu wa blanketi usipungue sentimita 220, au mtoto aje na mfuko wa miguu. Mstari huo hauhitaji waraka kutoka Nairobi. Kwa walimu wa zamu, nawasihi wamulike miguuni kabla ya kumulika majina. Na kwenu wanafunzi, msione haya kusema kwamba mnapatwa na baridi. Semeni kwa adabu, katika mkutano wa bweni na kwa viranja wenu, mkiwa na hesabu mkononi kama hii niliyoiweka hapa. Hakuna mwalimu mwenye busara atakayebishana na futi ya kupimia. Pimeni mablanketi yenu wiki hii, muandike urefu wake, mmpelekee mlezi wa bweni kabla baridi ya Juni haijabisha hodi.