Gari la wanafunzi wa Makerere: Kijana wa Nyarugusu ajifunze nini?

Novemba 2011, Rais Yoweri Museveni alizindua gari dogo la umeme la viti viwili mjini Kampala. Jina lake Kiira EV. Waliolitengeneza ni wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere. Picha zikasambaa, na wengi wakaona kwamba gari la kubuniwa hapa kwetu linawezekana.

Kitu ambacho picha haikuonyesha ni miaka minne iliyotangulia. Na hiyo ndiyo sehemu inayomhusu kijana anayesoma hapa kwa simu akiwa Kasulu, Kibondo au ndani ya kambi ya Nyarugusu.

Haikuwa kazi ya siku moja

Mwaka 2007, Makerere waliingia kwenye mradi wa kimataifa ulioongozwa na wanafunzi wa MIT, Marekani. Vyuo vya nchi mbalimbali viligawana kazi ya kubuni gari moja, Vision 200, likaonyeshwa Turin, Italia, mwaka 2008. Baada ya hapo Makerere wakatengeneza la kwao.

Kiira EV ilifuatiwa na gari dogo la Kiira EVS mwaka 2014, kisha basi la umeme la Kayoola mwaka 2016, lenye paneli za sola juu ya paa. Mradi wa darasani ukawa kampuni, Kiira Motors. Serikali ya Uganda ina asilimia 96 ya hisa, Makerere asilimia 4.

Wapo waliobeza kwamba vifaa kama betri vilitoka nje. Sawa, lakini hata kampuni kubwa za magari hununua vipuri kwa wengine. Ujuzi wenyewe uko kwenye kubuni, kuunganisha na kujua kwa nini kitu kimegoma.

Nairobi walitangulia, wakakwama

Kenya walijaribu zamani zaidi. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari. Mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikaonekana, na magari matano ya majaribio yakatengenezwa. Kiwanda cha kuyazalisha kwa wingi hakikuwahi kusimama. Pesa haikupatikana.

Kwa hiyo akili na mikono pekee havitoshi. Lazima awepo mtu wa kubeba gharama baada ya makofi ya uzinduzi kuisha.

Kasi sio kila kitu

Kuna mashindano ya wanafunzi wanaobuni magari ya mbio, Formula SAE, yaliyoanza Marekani mwaka 1981. Kwa mfumo wake unaojulikana, pointi ni 1,000. Usishangae: 325 kati ya hizo hazihusu mbio kabisa. Ni za kutetea ubunifu (150), kueleza gharama (100) na kuwasilisha mpango wa biashara (75). Gari lako linaweza kukimbia vizuri, lakini usipoweza kueleza kwa nini ulilijenga hivyo, unapoteza.

Kuna mtihani mwingine usio na pointi. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanahitimu na kuondoka. Timu inayodumu ni ile inayoandika kila kitu na kumfundisha wa mwaka wa pili mapema. Isipofanya hivyo, kila mwaka inaanza sifuri.

Turudi Nyarugusu

Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Congo, na kuanzia 2015 ikapokea Warundi wengi. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka wa kwanza leo ni mtu mzima. Mafundi wapo: wa baiskeli, wa simu, wa sola.

Tatizo ni mlango. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi awe na kibali ili atoke nje ya eneo alilopangiwa. Fundi wa kambini hawezi kuamka tu akaenda chuo cha ufundi mjini, au kutafuta kipuri Kasulu. Ufadhili wa DAFI wa UNHCR, ulioanza 1992, husaidia wakimbizi kusoma vyuo vikuu, lakini nafasi ni chache na wanaozihitaji ni wengi.

Halafu kuna suala la kuondoka. Wapo wanaorudi kwao, wapo wanaohamishiwa nchi nyingine. Fundi akiondoka bila kumwachia mtu ujuzi, gereji inabaki na vyuma tu. Ni tatizo lile lile la timu za vyuo.

Hakuna anayesema Nyarugusu waanze na gari la mbio. Toroli la kuvutwa na baiskeli, la kubeba maji au mgonjwa, linatosha kufundisha hesabu, kuchomelea na kupanga bajeti. Kinachohitajika ni karakana moja iliyo wazi miaka kadhaa, vibali vya mafunzo, na cheti kinachokubalika Tanzania, Burundi na Congo.

Nani atafaidika? Kasulu itapata mafundi wa kushirikiana nao leo. Anayerudi Burundi au Congo kesho atashuka kwenye lori akiwa na kazi mkononi. Makerere walihitaji miaka minne kupata gari la kwanza. Nyarugusu imekuwepo karibu miaka 30, na muda huo hautarudi.