Kidonda cha Mdomo Hakiitoi Homa

Mkazi wa Pasiansi akiamka na malengelenge pembeni mwa mdomo baada ya siku mbili za kuumwa, majirani humfariji kwamba homa imetoka. Naye hupita duka la dawa, hununua vidonge vichache vya amoksilini na kurejea kazini. Faraja hiyo na vidonge hivyo vyote vina kasoro, na hatari kubwa zaidi imo katika faraja.

Malengelenge hayo husababishwa na kirusi cha hepesi, hasa aina ya kwanza. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu bilioni 3.8 wenye umri chini ya miaka 50 wanacho, wengi wakiwa wamekipata utotoni kwa njia ya mate. Kirusi hicho hakiondoki mwilini. Hujificha katika mishipa ya fahamu ya uso, kisha huamka mwili unapodhoofishwa na homa, uchovu au jua kali, kama lile linalowapiga wavuvi na waanika dagaa ziwani.

Kwa hiyo, homa ndiyo iliyokiamsha kidonda. Katika Kanda ya Ziwa, ambako malaria ingali inaua, homa hiyo yaweza kuwa bado imo damuni. Aliyeugua apimwe, hata kama mdomo umekwisha kuchubuka.

Amoksilini huua bakteria, wala haigusi virusi. Kuitumia ovyo hukuza usugu wa vimelea. Dawa ya kirusi hiki ni asiklovia, inayosaidia zaidi ikianzwa mapema, ingawa haikifukuzi kabisa. Vidonda vingi hupona vyenyewe ndani ya wiki mbili, kwa maji ya kutosha na dawa ya kutuliza maumivu.

Wapo wasiopaswa kusubiri: mtoto anayekataa kunyonya au kunywa, mwenye malengelenge karibu na jicho, na mwenye kidonda kilichozidi mwezi, ambaye anahitaji pia kipimo cha VVU. Mwenye kidonda asimbusu mtoto mchanga, kwani kwake kirusi hiki chaweza kuua.

Muuza dawa wa mtaani ndiye mhudumu wa kwanza kumwona mgonjwa huyu. Kabla hajafungua kopo la vidonge, ingefaa aulize swali moja: umepima malaria?