Kwa akina baba na akina mama: Mashini ya kufulia nguo isiwekwe kwa haraka
Hivi karibuni tuliitwa nyumbani kwa jamaa mmoja wa Bukavu, katika mtaa ulio juu mlimani. Baba wa nyumba alikuwa ameweka akiba muda wa miaka miwili, akamnunulia mkewe mashini ya kufulia nguo. Mama huyo ana watoto sita, na mikono yake imechubuka kwa sabuni. Binti yake mkubwa naye alikuwa akikosa masomo kila Jumatatu, kwa sababu ya kumsaidia kuchota maji na kufua. Basi siku mashini ilipoingia, nyumba nzima ilishangilia.

Furaha hiyo haikudumu hata saa mbili. Mashini ilipoanza kukamua nguo ilitetemeka kama mtu mwenye homa, ikatembea kutoka ukutani, ikauvuta mpira wa maji hata ukachomoka. Maji yakafurika sakafuni. Mtoto mdogo akaigusa akiwa amesimama majini, akapiga ukelele: umeme ulikuwa umempiga. Baba alifanya vema. Hakumkimbilia mtoto kwa mikono mitupu, bali alikata kwanza umeme wa nyumba nzima. Mtoto akapona.

Tulipofika, baba alituambia kwa uchungu: «Wazee, wameniuzia kitu kibovu.» Tukaitazama mashini upande wa nyuma. Haikuwa mbovu. Boliti nne za safari zilikuwa bado mahali pake, na kitabu cha maelezo kilikuwa bado kimefungwa katika mfuko wake.

Twaona yafaa kuwaeleza ninyi nyote yale tuliyomweleza.

Kwanza, boliti. Ndani ya mashini mna pipa kubwa linaloning'inia kwa springi. Kiwandani hulifunga kwa boliti, mara nyingi tatu au nne, lisivunjike njiani. Zisipotolewa, springi hazifanyi kazi, na mtikisiko wote wa pipa huingia katika mwili wa mashini. Pipa hilo laweza kuzunguka mara 1000 na zaidi kwa dakika moja! Basi zifungueni zote kwa spana kabla ya kuiwasha, mzibe matundu kwa vifuniko vilivyoletwa pamoja na mashini. Boliti zenyewe msizitupe. Mtazihitaji siku ya kuhama.

Pili, mahali. Mashini ya namna hii yaweza kuwa na uzito wa kilo 60 au 70. Yataka sakafu ngumu ya sementi, wala si mbao zinazonesa. Wekeni pima maji juu yake, kisha zungusheni miguu yake mpaka isimame sawasawa. Ishikeni pembeni, mwisukume kidogo: ikicheza, rekebisheni tena. Mkimaliza, kazeni nati za miguu.

Tatu, maji yanayoingia. Tumieni mpira mpya, na mhakikishe kwamba washa yake imo ndani. Fungeni kwa mkono, halafu kazeni kidogo tu kwa koleo. Mtu akikaza kwa nguvu nyingi huharibu washa. Fungueni robine, mtazame kama linadondoka tone lolote. Wengine hutumia maji ya tanki. Hao wajue kwamba mashini nyingi hutaka maji yenye nguvu kidogo, yaani tanki liinuliwe mita 5 au zaidi juu ya mashini. Pipa lililowekwa juu ya kiti halitoshi. Tena kisafisheni mara kwa mara kile kichungio kidogo kilichomo penye kuingilia maji, maana mchanga hukiziba.

Nne, maji machafu. Ncha ya mpira wa kutolea maji iinuliwe kadiri ya sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni, tena ifungwe isiruke. Mkiulaza mpira chini, maji hutoka yanapoingia, na nguo hazifuliwi kamwe. Wala msiusokomeze katika bomba hata hewa ikose njia.

Tano, umeme, nalo ndilo jambo kubwa kupita yote. Mashini inayochemsha maji yaweza kula wati 2000. Yataka priza yake peke yake, yenye waya wa milimita mraba 2.5, wala si waya wa kuunganisha uliokwisha kubeba friji na pasi. Yataka pia waya wa ardhi, ule wa rangi ya manjano na kijani, unaofika kwenye chuma kilichozikwa udongoni. Nyumba nyingi zina priza yenye msumari wa tatu, lakini nyuma yake hamna waya wowote. Ndivyo ilivyokuwa kwa jamaa yetu. Mwiteni fundi wa kweli apime, naye atie swichi ya kinga ya miliamperi 30, inayokata umeme mara moja unapovuja. Na umeme wa mtaa ukikatika, chomoeni mashini, kwa maana ukirudi kwa nguvu kupita kiasi huiunguza.

Mwisho, mara ya kwanza iendesheni bila nguo, kwa maji moto na sabuni kidogo, ili mafuta na vumbi la kiwandani vitoke.

Fundi alifanya kazi siku moja. Malipo yake yalikuwa madogo sana mbele ya bei ya mashini. Tulipopita tena, mashini ilikuwa ikikamua nguo imetulia pembeni, naye mama alikuwa ameketi akishona. Tukamwuliza habari za binti. Akacheka, akasema: «Leo si Jumatatu? Yuko shuleni.»

Akina baba, fedha ya kununulia mashini mmeitafuta kwa jasho. Msione uchungu kutoa na ile ya fundi, wala msione haya kufungua kitabu kabla ya kufungua robine. Kuuliza si ujinga.