Kula kuku kwa mrija? Mayotte kuna mabawa tu!

 

Wiki hii nimeletewa kesi. Jumamosi asubuhi, hata uso sijanawa, mlango unagongwa. Kufungua, namkuta mama mmoja wa mtaa wa pili, khanga kaibana kwapani, macho mekundu. Shikamoo mama. Marahaba baba. Kiti nimempa, kakataa kukaa.

"Baba, si wewe ndiyo unaandika magazetini? Nisemee na mwanangu. Anataka kuuza cherehani yangu."

Wajameni, cherehani! Ile ndiyo iliyomsomesha huyo kijana tangu chekechea mpaka fomfoo. Sasa dogo, jina kapuni, miaka 22, kazi yake kutembeza makava ya simu stendi, kaambiwa na washikaji wake kwamba kuna boti. Boti inakwenda Mayotte. Na Mayotte, kaambiwa, ni Ufaransa.

Nikamfuata jioni kijiweni. Kanipokea kwa heshima zote, kahawa kanilipia, halafu kanimwagia hoja.

"Braza, mimi siendi kuzamia kama wale wa zamani, kwenye meli, miezi kwenye tenki la maji. Mayotte ni hapo tu, karibu kuliko Sauzi. Bendera ya Ufaransa, hela yuro, polisi wa Kifaransa, na watu wanaongea kama sisi. Nikikanyaga pale nimekanyaga Paris. Nitakula kuku kwa mrija."

Sikumcheka, kwa sababu nusu ya maneno yake ni ya kweli. Ndiyo ubaya wa maneno ya kijiweni, yangekuwa uongo mtupu yasingeua mtu.

Tuanze na hiyo nusu ya kweli. Mayotte ni kisiwa cha Ngazija na Anjouan kwa undugu, yaani kimo kwenye visiwa vinne vya Komoro. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 374 tu. Wafaransa wamekishika tangu mwaka 1841. Lugha yao, Kimaore, ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Maji ni maji, mzungu ni mzungu. Ila ukimpa mtu kitu akakujibu "marahaba" usidhani kakuona mtoto, kwao ndiyo asante.

Na kwa karatasi, kweli ni Ufaransa. Desemba 1974 visiwa vyote vinne vilipiga kura ya uhuru. Watatu walisema tunataka, Mayotte wengi wakasema hatutaki. Komoro ikatangaza uhuru Julai 1975, Mayotte ikabaki. Machi 2009 wakapiga kura nyingine, zaidi ya asilimia 95 ya waliopiga wakataka kuwa mkoa kamili, na tangu 2011 Mayotte ni mkoa wa 101 wa Ufaransa. Komoro mpaka leo inasema kisiwa ni chake, na Umoja wa Afrika unaiunga mkono.

Mnajua nani waliopigania hilo la kubaki? Kina mama! Makao makuu ya utawala yalipohamishwa kutoka kwao kupelekwa Moroni, biashara zikalala, hela ikapotea mitaani. Basi akina mama, kiongozi wao maarufu akiwa Zéna M'Déré, wakabuni silaha. Akija kiongozi kutoka Moroni wanamzunguka na kumtekenya. Ndiyo, kumtekenya, mpaka mzee mzima na tai yake anakimbilia usafiri arudi alikotoka. Historia inawaita watekenyaji. Usicheke sana, maana walichokuwa wanapigania ni hiki hiki anachokitafuta dogo wetu: maisha bora.

Je, waliyapata? Hapo ndipo mrija unapoanza kuvuja.

Shirika la takwimu la Ufaransa, INSEE, lilipima hali ya mwaka 2018. Nusu ya watu wa Mayotte walikuwa wanaishi kwa chini ya yuro 260 kwa mwezi. Hicho kipato cha katikati kilikuwa kidogo mara saba kuliko cha Ufaransa kwa ujumla. Ukichukua mstari wa umaskini wa Kifaransa, Mayotte watu 77 katika kila 100 walikuwa chini yake. Ufaransa bara ni kama 14 tu. Bendera moja hiyo hiyo!

Kazi je? Mwaka 2023 zaidi ya theluthi moja ya nguvukazi ya Mayotte haikuwa na ajira. Na aliyepata, kima cha chini si kimoja. Januari 2024 Ufaransa bara kilikuwa yuro 11.65 kwa saa kabla ya makato, Mayotte 8.80. Utasema basi, labda vitu ni rahisi. Wapi! INSEE walilinganisha bei mwaka 2022 wakakuta chakula Mayotte ni ghali kwa kama asilimia 30 kuliko bara, maana vingi vinakuja kwa meli kutoka mbali. Unalipwa kidogo, unanunua ghali. Hiyo hesabu hata konda wa daladala ataikataa.

Kwa hiyo wanakula nini? Dogo, ulisema kuku kwa mrija. Kitoweo maarufu cha mtu wa kawaida kule kinaitwa mabawa, kwa neno hili hili letu. Mabawa ya kuku waliogandishwa, yanayoletwa kutoka nje kwa makontena, yanachomwa jioni barabarani. Mapaja na vidari kalieni wenyewe huko mlikotoka.

Nyumba sasa. Sensa ya mwaka 2017 ilikuta nyumba nne katika kila kumi ni za mabati, na tatu katika kila kumi hazina bomba la maji ndani. Kawéni, kitongoji cha Mamoudzou, vibanda vimepanda mlima kama ngazi, ndiyo maana wengi wanakiita uswahilini mkubwa kuliko wote wa Ufaransa. Mwaka 2023 ukame ulipobana, maji yalikuwa yanatoka siku moja katika tatu. Sisi wa Dar tunaijua hiyo ratiba ya ndoo, lakini sisi hatujajiita Paris.

Shule zipo na ni za bure, ila madarasa hayatoshi, hivyo shule nyingi za msingi watoto wanapokezana, hawa asubuhi, wale mchana. Hospitali ipo, na wodi yake ya uzazi ina shughuli kuliko zote za Ufaransa: mwaka 2022 walizaliwa zaidi ya watoto 10,000 kisiwani. Barabara ni za lami, foleni ya kuingia Mamoudzou asubuhi usipime, na kuvuka kwenda kisiwa kidogo chenye uwanja wa ndege ni kwa pantoni, kama sisi wa Kigamboni.

Wapo wanaokula vizuri, nisiwadanganye. Mtumishi wa serikali anaongezewa asilimia 40 juu ya mshahara wake. Huyo mwalimu aliyetoka bara ana nyumba ya maana, gari, na Jumapili yuko anaangalia kasa baharini. Kwa hiyo Paris ipo Mayotte, ila ina geti na mlinzi.

Halafu kikaja kimbunga. Tarehe 14 Desemba 2024, kinaitwa Chido, upepo wa zaidi ya kilometa 220 kwa saa. Mabati ya Kawéni yaliruka kama karatasi. Waliohesabiwa kufa ni karibu 40. Siku chache baadaye Rais Macron akaenda mwenyewe. Watu wakamzomea: maji hakuna, chakula hakuna, hivi sisi ni Wafaransa kweli? Naye akapandisha. Akawajibu kwamba kama isingekuwa Ufaransa, wangekuwa kwenye shida mara elfu kumi zaidi. Neno alilotumia badala ya "shida" silirudii hapa, gazeti hili hata watoto wanalisoma.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye kesi yetu. Kati ya Macron na wale waliomzomea, nani alikuwa mkweli? Wote! Macron alikuwa anaangalia Anjouan, kisiwa cha Komoro kilicho kilometa 70 tu kutoka Mayotte. Ukipima kwa Anjouan, Mayotte ni tajiri: ina hospitali, mishahara, pensheni, shule. Waliomzomea walikuwa wanaangalia Paris. Ukipima kwa Paris, ni aibu. Kisiwa kile kile, inategemea umesimama ukitazama upande gani.

Na hizo tofauti mbili ndizo zinazosukuma watu. Mwenye pasi ya Kifaransa akiona Paris wamemzidi, anapanda ndege kihalali, anahamia Réunion au bara, na maelfu wamefanya hivyo. Wa Anjouan akiona Mayotte wamemzidi, anapanda kwassa-kwassa, kile kiboti cha fiba, usiku, wakiwa wamebanana kama dagaa. Zamani alikuwa anakwenda kumsalimia shangazi yake. Tangu 1995 Ufaransa imemdai viza. Ripoti ya Baraza la Seneti la Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria kwamba kati ya watu 7,000 na 10,000 walikufa kwenye mkondo ule tangu viza hiyo ianze. Kilometa 70, ndugu zangu. Dar mpaka Bagamoyo na chenji kidogo.

"Mimi nitafika," dogo akanijibu. Haya, tuseme umefika. Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wengine walishatangulia, na wapo waliopandia boti pwani hii hii yetu. Mwanzoni mwa 2024 walikuwa wamelala mamia chini ya maturubai, uwanja wa mpira wa Cavani, mjini Mamoudzou, wenyeji wakaandamana kuwataka waondoke, serikali ikaivunja kambi. Kila mwaka maelfu ya watu wanafukuzwa kisiwani. Aprili 2023 serikali ilianza operesheni ya kubomoa vibanda na kukamata wasio na vibali, waliita Wuambushu.

Na hata ukipata kibali, dogo, sikia hii: kwa kawaida kibali cha kuishi kinachotolewa Mayotte kinaishia Mayotte. Kwenda Paris unaomba ruhusa nyingine. Sheria ya Agosti 2025 imepanga kuliondoa zuio hilo mwaka 2030, na imeahidi kwamba haki za jamii zitalingana na za bara ifikapo 2031. Ni ahadi, na sijui kama mama yako anaweza kushona kwa ahadi.

Dogo akanyamaza, kikombe kimepoa mkononi. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo linaniuma. "Sawa braza, umenionyesha kule pabaya. Lakini hapa hujanionyesha pazuri."

Sikuwa na jibu. Ningemwambia nini? Kwamba makava ya simu yatamjengea nyumba? Mimi mwenyewe kodi ya mwezi huu nadaiwa. Nilichoweza kumwambia ni kimoja. Ukitaka kwenda, nenda, si dhambi mtu kutafuta. Tafuta pasi, tafuta kazi yenye mkataba au shule yenye barua, uondoke mchana mama yako akikusindikiza. Lakini usiuze cherehani inayowalisha wanne ukanunue nafasi kwenye boti ya kwenda kukaa kwenye bati lingine. Bati la Mayotte likivuja, linavuja kama la hapa. Tofauti ni kwamba kule hata kufungua mlango unaogopa.

Hakuniahidi kitu. Tuliachana saa mbili usiku, akabeba boksi lake la makava, akaenda zake.

Jana nilipita makusudi dirishani kwao. Cherehani ilikuwa inalia, sare za shule zimerundikana mezani, mama anakanyaga. Dogo kakaa mlangoni, anatia vifungo. Kaniona, kainua kidole gumba, hakusema neno. Sikumuuliza.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na wewe unayekusanya hela za vijana kwa ajili ya hizo boti, tunajua unakaa mtaa gani. Mwenyewe mbona huendi?