Ubahili wa Vitabu

Ubahili una namna nyingi duniani. Mtu aweza kuwa bahili wa fedha, bahili wa chakula, bahili wa maneno mema, hata bahili wa kucheka. Namna zote hizo hulaumiwa, na methali si haba zimetungwa kuzikemea. Lakini upo ubahili mmoja usiolaumiwa. Bali husifiwa, ukaitwa uangalifu. Huo ni ubahili wa vitabu. Afichaye unga wakati wa njaa huitwa mwovu. Afungiaye kitabu cha watoto kabatini huitwa mtunzaji mwema. Mimi nasema kwamba wawili hao ni ndugu, nami namwomba msomaji anisikilize mpaka mwisho kabla hajanihukumu.

Siku moja nilikuwa katika shule ya msingi katika nchi ya chai, baina ya Kericho na Bomet. Jina lake silitaji, kwa kuwa kosa lake ni la shule nyingi. Niliingia ofisini, nikaona kabati lenye milango ya kioo, na ndani yake vitabu vya picha, vya hadithi na vya mashairi ya watoto, vimepangwa wima kama askari wa gwaride. Nilimwuliza aliyeshika ufunguo watoto huvisoma lini. Alinijibu kwa fahari kwamba tangu vitabu vile viletwe hapakupotea hata kimoja, wala hapakuraruka ukurasa. Alisema kweli tupu. Harufu ya wino ilikuwa bado haijavitoka. Nje ya dirisha watoto wa darasa la pili walikuwa wakiziimba silabi za ubaoni kwa sauti moja, macho yao yamechoka kabla ya saa nne. Baina yao na vitabu vyao palikuwa na kioo chembamba na ufunguo mdogo.

Watetezi wa kabati hupenda kusema, "Akiba haiozi." Methali hiyo ni njema mahali pake, lakini si kila kitu ni akiba. Mwulize mkulima wa Litein au wa Mogogosiek. Yeye huchuma majani mawili na chipukizi lake, akayapeleka siku ile ile penye mizani, yakachukuliwa na gari kwenda kiwandani. Majani yakilala kikapuni hushika joto, yakageuka rangi, yakakataliwa. Hapana mkulima mwenye akili awezaye kusema kwamba ameweka akiba kwa kuyalaza majani mabichi. Basi, utoto ni jani bichi. Mtoto aliye na miaka sita leo hatakuwa na miaka sita mwakani. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili yake, kikikaa kabatini miaka mitano, kitatoka kimkute ana ndevu za kwanza. Kitabu hakikuoza, kilichooza ni wakati wa mtoto, na wakati hauna duka la kuununua tena.

Hoja yao ya pili ni kwamba watoto huharibu. Naam, huharibu. Mtoto huharibu viatu pia, walakini hapana mzazi amtembezaye mwanawe bila viatu ili viatu visichakae. Mpango wa Tusome, ulioenea nchini Kenya tangu mwaka 2015, uliwapa watoto wa madarasa ya chini vitabu vya Kiswahili na vya Kiingereza, kila mtoto na chake mkononi, na mbingu hazikuanguka. Tena, nani alisema kwamba kabati ni salama? Nchi ya Kericho hupata mvua karibu mwaka mzima. Kitabu kisichofunguliwa huota ukungu, na mchwa hawaombi ruhusa ya mwenye ufunguo. Kitabu kinachochakaa mikononi mwa watoto hamsini kimekufa kishujaa. Kinacholiwa na mchwa kimekufa bure.

Hoja ya tatu ndiyo hatari kuliko zote, kwa maana hutoka vinywani mwa watu waheshimiwa. Husema kwamba picha na mashairi ni michezo, na kwamba mtoto hana budi kushikwa na masomo ya mtihani. Wasemao hivi hawajamtazama mtoto akisoma picha. Mwonyeshe picha ya sufuria iliyopinduka na mbwa anayetoka mlangoni: atakuambia ni nani aliyekula, kwa nini anakimbia, na nini kitampata mama arudipo. Amekwisha tafuta sababu na matokeo, amepanga mambo kwa taratibu, amehukumu, naye bado hajui herufi moja. Herufi zitakapokuja zitakuta nyumba imekwisha jengwa, zitaingia tu. Comenius, mwalimu wa Ulaya ya kati, aliyajua haya zamani: mwaka 1658 alitoa kitabu cha picha kwa ajili ya watoto, ili macho yaongoze na neno lifuate. Jambo lililojulikana karne nyingi nyuma si anasa ya leo.

Shairi nalo lina kazi yake. Vina na mizani ni vishikio vya maneno. Mtoto hulibeba shairi kama abebavyo ndoo kwa mkono wake, lakini maneno yasiyo na mahadhi humwagika njiani. Wazee wa Kipsigis hawakuwa na makabati ya vioo, lakini walikuwa na jioni. Kando ya moto watoto walitegana vitendawili, na bibi aliwasimulia habari za Chemosit, zimwi la msituni, mpaka kila mmoja akaogopa kutoka nje peke yake. Hapana aliyemtoza mtoto ada ya kusikiliza, wala aliyesema hadithi itachakaa ikisikiwa na wengi. Sisi tuliosoma tumepata karatasi na wino, tukapoteza ukarimu.

Tazama na upande wa pwani. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wa kumwusia binti yake. Ulikuwa wosia wa mama kwa mwana mmoja. Kama binti yule angaliufungia sandukuni kwa kuwa ni wake, utenzi ungaliliwa na mende, na jina la mama lingalisahauliwa. Lakini ulisomwa, ukanakiliwa kwa mkono, ukapita nyumba hata nyumba, na leo wanafunzi wa bara huusoma pamoja na wa visiwani. Uliokolewa na kugawiwa. Basi, asemaye kwamba kitabu hutunzwa kwa kufichwa ameusoma ulimwengu kinyume.

Wala si kweli kwamba jambo hili haliwezekani katika nchi yetu. Mwaka 1965 sheria iliunda Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya. Mwaka 1996 huduma hiyo ilianza kuwapakia ngamia vitabu kutoka Garissa, ili viwafikie wafugaji na watoto wao katika nchi kavu. Ngamia amevuka mchanga na miiba akiwa na masanduku ya hadithi mgongoni. Je, kitabu cha Kericho kishindwe kuvuka barabara ya lami kutoka ofisi ya mwalimu mpaka darasa la pili? Tena Katiba ya mwaka 2010 iliweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo mwananchi wa Kericho na wa Bomet akiuliza, "Maktaba ya watoto wetu i wapi?" haombi hisani, adai haki.

Na siku hizi umepatikana ngamia mwingine, mwepesi kuliko yule wa Garissa, naye ni simu. Mwaka 2014 shirika la elimu la Saide la Afrika Kusini lilifungua katika intaneti hazina iitwayo African Storybook, yenye vitabu vya picha vya watoto katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Leseni ya vitabu hivyo yaruhusu mtu yeyote kuvisoma, kuvichapa, kuvitafsiri na kuwapa wengine, maadamu awataje waliovitunga. Mwalimu mwenye simu moja aweza kukisoma kitabu mbele ya darasa zima. Mama aliyetoka kuchuma chai aweza kumsomea mwanawe kabla ya taa kuzimwa. Hata hivyo wapo wanaoitumia simu ile ile kupelekeana mizaha na matusi mchana kutwa, kisha wakaulizwa habari ya vitabu, wakajibu kwamba vitabu ni ghali.

Hapa nasikia sauti ya haki ikiuliza, "Na mtunzi atakula nini?" Swali hili nalipokea kwa heshima, maana mtunzi ni mfanyakazi, na mfanyakazi astahili ujira wake. Kitabu kisichotolewa kwa ruhusa ya namna hiyo hakifai kupigwa picha kurasa zote na kutawanywa. Huo ni wizi, hata ukivaa kanzu ya elimu. Lakini kukinunua kitabu kimoja na kukiazima kwa watoto arobaini si wizi. Mtunzi amekwisha lipwa bei ya nakala hiyo, naye amepata wasomaji arobaini watakaolitafuta jina lake siku wakiwa na fedha zao. Asiyeazima hamlindi mtunzi, amnyima wasomaji.

Sababu ya mwisho ni nzito kuliko zote. Makampuni ya kigeni yalipofungua mashamba makubwa ya chai Kericho katika miaka ya 1920 na baadaye, wafanyakazi walitoka pande nyingi: Wakipsigis wenyewe, Wagusii, Wajaluo, Waluhya na wengineo. Watoto wao walikua katika nyumba za safu moja, wakachota maji katika bomba moja. Hata hivyo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani walifukuzana, nyumba zikachomwa, na watu waliochuma chai bega kwa bega wakakimbiana. Sisemi kwamba kitabu cha picha kingalizuia mshale. Kusema hivyo ni kuwadanganya wasomaji na kuwadhihaki waliofiwa. Nasema hivi tu: mtoto aliyeijua hadithi ya bibi wa jirani yake, akacheka pale jirani achekapo na kuogopa pale aogopapo, ni vigumu baadaye kumwambia kwamba jirani huyo si mtu. Chuki hupenda kumkuta mtu hajui lolote juu ya mwenzake. Kabati lililofungwa humsaidia chuki kazi yake.

Na hapo Kiswahili kina wajibu mkubwa. Hadithi ya Kikipsigis ikiandikwa kwa Kikipsigis itamlisha mtoto wa Kipsigis. Ikitiwa na katika Kiswahili itamlisha na mtoto wa Kigusii anayekaa mlango wa pili, naye ataleta ya kwao. Wakulima wadogo wa chai wamekwisha tufundisha ushirika huu. Hapana hata mmoja mwenye kiwanda chake mwenyewe. Kila mtu huleta kikapu chake, majani huchanganywa, na chai itokayo huwa ya wote. Ikiwa tumeweza kuchanganya majani, kwa nini tushindwe kuchanganya hadithi?

Sasa nageuka kwako, kijana uliye katika shule ya sekondari, unayekisoma kitabu hiki. Usidhani kwamba insha hii imeandikwa kwa ajili ya mawaziri na walimu wakuu peke yao. Wewe umekwisha pewa mengi. Unajua kusoma lugha mbili, na huenda tatu. Nyumbani una mdogo wako, na kama huna, jirani anaye. Likizo ijayo, mwombe mwalimu wa shule ya msingi uliyotoka akuruhusu saa moja kila juma uwasomee watoto kwa sauti. Akikuambia kwamba vitabu vitachakaa, mwahidi kuvigundisha wewe mwenyewe kwa karatasi na gundi, kisha utimize ahadi. Nenda kwa bibi yako, umwombe hadithi moja. Iandike kama alivyoisema, usiipambe. Mwenzako ajuaye kuchora na aitie picha. Itafsiri kwa Kiswahili, umtaje bibi kwa jina lake kwanza na wewe baadaye, kisha uwape wengine. Tunga na shairi fupi lenye vina vya kweli, mtoto wa miaka saba aweze kulishika. Kazi hii haitaki mali. Yataka haya kidogo na moyo mwingi.

Haya, nasema, kwa kuwa kila aliyejua kusoma ana deni. Kuna mtu aliyekufungulia kitabu cha kwanza, akaweka kidole chake chini ya neno, akangoja mpaka ukalitamka. Pengine alikuwa mwalimu, pengine dada yako, pengine baba aliyejua kusoma kwa shida. Deni hilo halilipwi kwake, maana yeye hana haja nalo. Hulipwa kwa mtoto anayefuata.

Vitabu vya shule ile nilivyoviona havikuwa na hatia, na aliyeshika ufunguo hakuwa mtu mbaya. Aliogopa lawama ya kitabu kilichopotea, kwa sababu hapana aliyewahi kumlaumu kwa mtoto aliyepotea. Tubadilishe lawama zetu. Tusimwulize tena mtunzaji, "Vitabu vingapi vimebaki vipya?" Tumwulize, "Watoto wangapi wamevisoma?" Siku swali hilo litakapoulizwa katika kila shule, toka Londiani hata Sotik, ufunguo utaonekana kuwa mzito mfukoni, na wenyewe utatafuta tundu la kufuli.