Taa ya Baiskeli



Wengi wenu wa Tanga na Muheza mwapanda baiskeli kwenda shambani, shuleni na kanisani, na jioni mwarudi kwa barabara kuu iendayo Segera, ipitayo malori na mabasi. Twasikia wengine wakisema, "Njia naijua, taa ya nini?" Lakini taa si kwa macho ya mpandaji tu, ni kwa macho ya dereva pia. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akimwona mtu karibu mno, hawezi kulisimamisha. Basi twawasihi: fungeni taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, mkashike upande wa kushoto. Mtoto mliyempakia nyuma ni amana ya Mungu. Wanawali watano walichelewa kununua mafuta, ninyi msichelewe.