Binti Mja Mzito na Hukumu ya Bombani

Katika kila kambi iliyopo mjini Kampala, iwe ya wanajeshi kule Mbuya au ya polisi kule Naguru na Nsambya, hukaa mabaraza mawili ya hukumu. La kwanza ni lile linalotambuliwa na sheria: lina mwenyekiti, lina mwandishi, na mshitakiwa hupewa nafasi ya kujitetea. La pili hukaa bombani asubuhi, wakati madumu yamepangwa foleni na maji bado hayajatoka kwa nguvu. Hili halina mwandishi wala halimwiti mshitakiwa, na shauri linalolipendeza kuliko mengine yote ni la binti ambaye tumbo lake limeanza kuonekana.

Ndugu askari, twataka kulizungumza shauri hilo leo, kwa kuwa sisi wenye sare tunahusika nalo kuliko raia wengi. Tu wazazi tunaokaa mbali na nyumba zetu kwa miezi mingi, na faili za mabinti hawa hufika kwenye meza zetu. Tena, tuseme kweli ingawa inauma, baadhi ya wanaume wanaotajwa katika faili hizo huvaa sare kama zetu.

Hatusemi kwamba mimba ya mtoto wa shule ni jambo jepesi. Sisi nasi tuna mabinti, na mzazi anayelala usingizi mzuri baada ya kupata habari kama hiyo hatujapata kumwona. Tunalouliza ni hili: hukumu ya watu, iliyo kali na ya haraka namna hii, imetuletea faida gani? Uchunguzi wa idadi ya watu na afya uliofanywa nchini Uganda mwaka 2006 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 25 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Uchunguzi wa mwaka 2016 ukatoa 25 vilevile. Ule wa mwaka 2022 ukatoa 24. Yaani miaka kumi na sita ya hotuba, fimbo na masengenyo imempunguza msichana mmoja katika mia. Lau aibu ingekuwa dawa, mgonjwa huyu angekwisha kupona zamani.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Shule zilifungwa mwezi Machi 2020 na dazeni moja ya miezi haikutosha: hazikufunguliwa kikamilifu hata tarehe 10 Januari 2022, na wanafunzi wapatao milioni 15 waliathirika. Hapana nchi nyingine duniani iliyofunga shule zake kwa muda mrefu kuliko huo. Shirika la UNICEF lilitaja ongezeko la asilimia 22.5 la wasichana na wanawake vijana, wa umri wa miaka 10 hadi 24, waliofika kliniki ya wajawazito kwa mara ya kwanza kati ya Machi 2020 na Juni 2021. Msomaji aurudie umri ule wa chini. Mtoto wa miaka kumi hawezi kuitwa mhuni na mtu mwenye akili timamu, lakini bombani aliitwa.

Serikali kwa upande wake haikukaa kimya. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu na Michezo ilitoa mwongozo uliorekebishwa, ikaagiza kwamba msichana aliyepata mimba apewe likizo ya lazima mimba ifikapo miezi mitatu, na kwamba aruhusiwe kurudi darasani mtoto wake akiisha kufika miezi sita. Yapo ya kulaumu katika mwongozo huo, hasa neno lile “lazima”, kwa maana yuko binti ambaye angeweza kusoma mpaka mwezi wa saba bila madhara. Hata hivyo mlango uliachwa wazi. Na shule zilipofunguliwa Januari 2022, wakuu wa shule waliagizwa wawapokee hata wale waliokuwa bado na mimba. Baadhi ya viongozi wa dini walipinga agizo hilo hadharani, wakiona kwamba wajawazito wangewaharibu wenzao. Sisi si wanazuoni wa dini, kwa hiyo hapo hatutaingia. Tunasema tu kwamba binti mwenye miguu iliyovimba na kichefuchefu cha asubuhi ni onyo kwa wenzake kuliko hotuba yoyote.

Majirani zetu wameipita njia hiyo hiyo. Kenya ilianza kuwaruhusu kurudi shuleni mwaka 1994. Tanzania Bara, mwezi Juni 2017, ilitangaziwa na Rais Magufuli kwamba mwanafunzi akipata mimba ndio mwisho wa masomo yake katika shule za serikali. Novemba 2021, baada ya kifo chake, katazo likaondolewa. Zanzibar, iliyo sehemu ya Jamhuri hiyo hiyo, ilikuwa imewaruhusu tangu mwaka 2010.

Ikiwa wizara imefungua mlango, ni nani basi anayeufunga? Hapa hatuna budi kurudi nyuma kidogo katika historia yetu wenyewe. Askari aliyepata kupelekwa Kigezi atakuwa ameliona ziwa Bunyonyi na kile kisiwa kidogo kiitwacho Akampene. Zamani, na mpaka katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, msichana wa Kikiga aliyepata mimba kabla ya kuolewa alipelekwa huko kwa mtumbwi akaachwa, bila chakula wala moto. Wengine walikufa kwa njaa au baridi, wengine walizama walipojaribu kuogelea. Waliopona, aghalabu waliokolewa na mwanamume maskini asiye na ng’ombe wa mahari, ambaye alimchukua mmoja akamfanya mke pasipo kutoa kitu. Na kule Kisizi, wilaya ya Rukungiri, palikuwapo maporomoko ya maji ambamo mabinti kama hao walisukumwa na jamaa zao wenyewe. Leo penye maporomoko hayo pamejengwa hospitali ya misheni, iliyoanza mwaka 1958, na maji yale yale yanazalisha umeme unaowasha taa za wodi ya wazazi.

Lakini katika masimulizi yote ya Bunyonyi na Kisizi kuna mtu mmoja asiyetajwa. Hatumsikii mwanamume akipandishwa mtumbwini. Hatumsikii akisukumwa majini, isipokuwa katika kisa kimoja kinachosimuliwa Kisizi, cha msichana aliyemshika kaka yake aliyemsukuma wakaanguka pamoja. Na kaka yule hakuwa ndiye mwenye mimba. Hata lugha zetu humficha mtu huyo. Kwa Kiswahili twasema binti “amepata mimba”, na Waganda husema vivyo hivyo kwa lugha yao, kana kwamba aliiokota njiani akienda sokoni. Ni mara chache kumsikia mtu bombani akisema kwamba fulani amemtia mimba mtoto wa watu.

Sheria haimfichi. Katika Uganda, kufanya mapenzi na msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa kubwa la jinai, awe amekubali au hakukubali, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Baada ya marekebisho ya mwaka 2007, kosa huwa kubwa zaidi iwapo mtoto hajatimiza miaka 14, iwapo mkosaji ana virusi vya UKIMWI, au iwapo ni mzazi, mlezi au mtu mwenye mamlaka juu ya mtoto huyo. Hapo adhabu ya juu kabisa ni kifo. Wenye sare wayasome mara mbili maneno yale “mwenye mamlaka”. Polisi waliandikisha mashauri zaidi ya 12,000 ya namna hii kila mwaka kati ya 2020 na 2023, na hayo ni yale tu yaliyofika kituoni.

Yasiyofika huishia wapi? Huishia sebuleni. Wazee wa pande mbili huketi, mbuzi hutajwa, fedha hutajwa, na binti mwenyewe yuko jikoni. Yatupasa tueleze waziwazi kwamba makubaliano hayo hayafuti kosa, kwa kuwa mshitaki katika shauri hili ni Dola wala si baba. Mahakama yaweza kuamuru fidia ilipwe, lakini fidia hiyo huwa juu ya adhabu, haiwi badala yake. Konstebo anayewaambia wazazi “nendeni mkaelewane nyumbani” hajawasaidia. Amemsaidia mtuhumiwa kufunga mizigo.

Tuna neno moja zaidi kwa konstebo huyo. Wakazi wengi wa Kampala hukijua Kiswahili kama lugha ya amri, lugha ya vizuizi vya barabarani na ya misako ya usiku. Binti anapoingia kituoni akasikia Kiswahili, moyo wake umekwisha kujikunja kabla swali halijaulizwa. Na aghalabu swali la kwanza huwa: “Ulikuwa wapi usiku huo?” Swali la kwanza la sheria ni jingine kabisa: “Una umri gani?” Likijibiwa hilo, mengi ya yale maswali mengine hayana kazi.

Wako pia wale wenye miaka kumi na minane, kumi na tisa, ishirini. Hao hawana faili, kwa sababu hapana sheria iliyovunjwa. Hata hivyo macho ya watu hayaulizi kitambulisho. Tumewaona katika mabenchi ya kliniki za mji huu, wakivaa pete za kuazima ili wasiulizwe mume yuko wapi.

Hasara kubwa ya hukumu hii ni kwamba inafundisha kujificha. Mafundi wa afya wanataka mja mzito afike kliniki kabla ya majuma 12, na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri aonane na wahudumu mara nane. Binti mwenye hofu hufunga tumbo kwa kitenge. Humeza dawa za vichochoroni. Msukumo wa damu hupanda bila mtu kuupima, na kifafa cha mimba, ambacho huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza, hakingojei aibu iishe. Tuseme kwa haki kwamba nchi imepiga hatua: vifo vya wazazi, vilivyokuwa 336 katika kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai kwa hesabu ya mwaka 2016, vilihesabiwa kuwa 189 mwaka 2022. Lakini hatua hiyo imepigwa na wanawake waliofika hospitali. Kule Naguru, si mbali na makao makuu ya polisi, kipo tangu miaka ya tisini kituo cha vijana kinachowapokea wasichana wa namna hii bila kuwahoji kama washitakiwa. Askari wengi hupita karibu yake kila siku wasijue ni cha nini.

Tulipokuwa chuo cha maofisa wanafunzi, tulifundishwa kwamba taarifa ya kwanza kutoka mstari wa mbele aghalabu ina kosa, na kamanda anayepeleka kikosi kwa taarifa hiyo peke yake huzika watu wake. Tulilikumbuka fundisho hilo kwa sababu ya sajini mmoja tuliyefanya naye kazi. Alikuwa Somalia, akiwa amebakiza miezi mitano ya zamu yake, rafiki alipompigia simu kumwambia kwamba binti yake wa miaka 16, aliyekuwa kidato cha tatu, “ameharibika”. Sajini hakuuliza lolote. Alimpigia mkewe akaamuru kwamba akirudi asimkute mtoto yule nyumbani.

Binti akaenda kwa shangazi, upande wa pili wa mji, akakaa ndani. Kliniki alifika mara ya kwanza katika mwezi wa nane, akiwa amebebwa, uso umevimba, akilalamika kwamba kichwa kinampasuka na macho hayaoni vizuri. Alipasuliwa usiku ule ule. Yeye na mtoto walipona, na daktari alimwambia shangazi kwamba wangechelewa hadi asubuhi wangekuja kuchukua maiti.

Baba aliporudi ndipo alipouliza swali ambalo hapana mtu, bombani wala nyumbani, aliyekuwa amelijali: ni nani? Alikuwa mwendesha bodaboda mwenye umri zaidi ya miaka thelathini, aliyempeleka binti shuleni kila asubuhi. Sajini mwenyewe ndiye aliyemchagua kabla ya kusafiri, akapatana naye malipo ya mwezi, na kila mwezi alimtumia fedha kutoka Mogadishu. Mtu huyo alikuwa amekwisha kuhama. Jamaa zake walikuwa wamemletea mama fedha kidogo, naye, kwa kuogopa maneno ya watu, alizipokea akanyamaza.

Siku hizi binti yuko shule nyingine, darasa moja nyuma ya wenzake wa zamani. Bibi hushuka bombani na mjukuu mgongoni, na wanawake wale wale humpokea mtoto wakambeba kwa zamu dumu lake likijaa. Faili lilifunguliwa kwa kuchelewa. Mwisho wa kila mwezi, akiwa kambini, sajini huenda kituoni kuuliza kama mtu yule amepatikana. Huenda bila sare.